Mkuu, usimsusie Mungu kwa ahadi alizotoa mtumishi

Mleta uzi, nimesoma ulivyoandika kwamba mwanao ana ugonjwa wa damu wa seli mundu, mtumishi wa kanisani kwenu amesema ni laana ya ukoo, mmetoa mbegu, yaani sadaka ya kuombea uponyaji, na mtoto hajapona, marejesho ya kikoba yamekushinda, na sasa umeapa hutasali tena. Nimeshindwa kupita kimya. Njia hiyo naijua inakoishia.

Hiyo laana kwanza. Seli mundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja wenu amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kinasaba hicho kimeenea kwenye nchi za malaria kwa sababu anayebeba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kama ni laana ya ukoo, basi ukoo wenu unaanzia Kigoma unafika Nigeria, na mbegu ya kuukomboa wote huo hata Benki Kuu haina!

Mwanangu pia ana seli mundu. Mtumishi wetu naye alitaka mbegu, nikauza pikipiki. Akataka tuache na kliniki ili kuonyesha imani. Mke wangu akagoma, na namshukuru Mungu kwa ukaidi ule. Kijana alipolazwa tena, mifupa inamuuma analia usiku kucha, yule bwana akatuambia imani yetu ni haba. Mtu kala hela ya mgonjwa, halafu anamtwisha mgonjwa lawama! Na mimi, badala ya kumkasirikia yeye, nikamkasirikia Mungu.

Pikipiki ilipatikana nyingine. Hasara yenyewe ni hii: kila usiku nilikuwa nasali na mwanangu kabla hajalala. Nikaacha, nikidhani namkomoa Mungu. Mtoto wa darasa la pili angejuaje ugomvi wangu na Mungu? Alichoona ni kwamba baba haji tena kitandani. Akamuuliza mama yake, "Baba amenikasirikia kwa sababu naumwa?" Mke wangu alinificha maneno hayo muda mrefu, na siku aliponiambia nilikosa pa kuweka uso. Mtoto ana maumivu yale, nikamwongezea na hilo.

Waliotufundisha kwamba mwenye imani halalamiki wametupotosha. Soma Ayubu. Marafiki zake walikaa naye siku 7 bila neno, laiti wangeishia hapo. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, na kusema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Ayubu yule yule aliyeilaani siku aliyozaliwa! Zaburi ya 88 inaisha gizani, hakuna hata mstari wa kufuta machozi, na bado ni sala. Na Yohana 9, wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, Yesu alisema si huyo wala wazazi wake.

Ninachokusihi ni kimoja: hasira yako mpelekee Mungu mwenyewe. Mlilie, mgombeze, muulize mpaka lini, lakini usimnunie. Anayelia mbele zake bado anamtumaini.

Leo usiku nenda kwa mwanao usali naye, hata kama huna la kusema zaidi ya "Mungu, nimechoka." Kliniki usiruke hata siku moja. Na huyo mtumishi akikupigia tena kudai mbegu, usipokee simu.