Maji yote yale na bado inaungua? Maswali yenu juu ya moto wa mitambo ya mafuta baharini

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za mitambo ya gesi iliyoko baharini, basi simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo, meseji za Mbagala, Kigamboni, Gerezani, kila mtu na lake. Nimechagua machache, mengine yanafanana, na ya matusi nimeyaacha huko huko.

Anko, kuna video inazunguka WhatsApp, bahari inawaka katikati, duara kama jicho. Ni kweli au wametengeneza kwa kompyuta? (Kijana wa Tandika)

Kweli kabisa hiyo. Ni Ghuba ya Mexico, tarehe 2 Julai 2021. Bomba la gesi la Pemex, kampuni ya taifa ya mafuta ya Mexico, linalopita chini ya bahari eneo la Ku-Maloob-Zaap lilivuja, gesi ikapanda juu, na siku hiyo mvua na radi vilikuwa vimekolea, kampuni ikasema radi ndo iliyoiwasha. Ilichukua kama saa 5 kuuzima na hakuna aliyekufa. Kilichowaka sio maji, ni gesi ikishafika juu na kukutana na hewa.

Sasa hawa watu si wamezungukwa na maji? Wanashindwaje kuzima? (Dada wa Sinza)

Dada, moto wa gesi hauzimwi na maji. Maji pale kazi yake ni kupoza vyuma, mana chuma kikipata moto mwingi kinalegea, bomba la jirani linapasuka, unapata moto mwingine juu ya ule wa kwanza. Moto wenyewe unazimwa kwa kufunga gesi inakotoka. Tena ukiuzima mwali huku gesi bado inatoka ndo umejitafutia balaa, itajikusanya taratibu, ikipata cheche unalipuka pamoja na ndoo yako. Ni kama mtungi wa jikoni kwako, ukiwaka kwenye mpira unakimbilia regileta kwanza.

Na usipoweza kuifunga? Januari 2012 kule Nigeria rigi moja, yaani mtambo wa kuchimbia visima baharini, inaitwa KS Endeavor ilikuwa inachimba kisima cha gesi, gesi ikawashinda nguvu, ikawaka. Watu 154 walikuwepo, 2 wakafariki, na moto ukaendelea siku 46. Bahari ipo pale pale siku zote hizo.

Mwanangu mwandishi, kijana wangu kapata kazi kwenye rigi huko Uarabuni kupitia ajenti wa hapa mjini, anaondoka mwezi ujao. Tangu nione hizo video silali. Hivi ajali hizi zinatokana na nini hasa, na je nimwache aende? (Mama wa Mbagala)

Shikamoo mama. Hili lako nitalijibu kwa kirefu, wengine mnisamehe.

Ajali kubwa kuliko zote za aina hii ilitokea Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo unaitwa Piper Alpha. Walikufa watu 167, wakiwemo wawili wa boti ya uokoaji waliokuja kusaidia, wakapona 61. Na ukitafuta chanzo chake, mama, hukuti mtu aliyewasha kiberiti wala mlevi, unakuta karatasi.

Iko hivi. Palikuwa na pampu mbili za kusukuma yale mafuta mepesi yanayotoka na gesi, tuziite A na B. Mchana ule pampu A ilizimwa kwa ajili ya matengenezo, na mafundi wakafungua valvu yake ya usalama wakaenda nayo karakana. Jioni kazi haijaisha, shifti inabadilishwa, wakaziba pale palipobaki wazi kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa sawasawa. Sasa vibali vya kazi vilikuwa viwili, kimoja cha pampu na kingine cha valvu, na vilikaa sehemu tofauti. Fundi wa valvu alipokwenda kukabidhi alimkuta mkubwa wa zamu yuko bize, akasaini karatasi yake akaiacha pale akaondoka zake. Hawakuongea.

Karibu saa 4 usiku pampu B ikagoma. Bila pampu hata moja umeme wa mtambo mzima ungekatika, kwa hiyo watu wa zamu wakaangalia vibali, wakakiona cha pampu A, matengenezo makubwa hayajaanza, wakasema basi tuiwashe. Cha valvu hawakukiona, na ile valvu yenyewe ilikaa juu huko, mtu aliyesimama kwenye pampu hawezi kujua kwamba haipo. Wakawasha. Yakavuja pale penye kile kifuniko, dakika chache mlipuko wa kwanza.

Kuta zao zilijengwa kuzuia moto, mlipuko hazikuuweza, mana mtambo ulianza kama wa mafuta, gesi ikaongezwa baadae. Pampu za maji ya kuzimia zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, kwa sababu wazamiaji walikuwa majini na waliogopa zisiwavute, na baada ya mlipuko hakuna aliyeweza kuzifikia. Na hapa mimi ndo huwa nachoka kabisa, mitambo miwili ya jirani, Tartan na Claymore, iliendelea kusukuma mafuta kuelekea kule kule huku wanauona moto kwa macho, eti hawajapata ruhusa ya kuzima. Kufika saa 4 na dakika 20 bomba la gesi la kutoka Tartan likapasuka, hapo tena ndo basi. Wengi waliofariki walikuwa sehemu ya kulala, wanasubiri helikopta kama walivyofundishwa, moshi ukawakuta humo. Waliopona wengi ni walioamua kuondoka wenyewe, wengine wakijirusha baharini kutoka juu sana.

Uingereza ikaunda tume chini ya Jaji Cullen, ripoti ikatoka 1990 na mapendekezo 106, na toka hapo kampuni inatakiwa ithibitishe kwa maandishi kwamba imefikiria kila kinachoweza kuua watu wake, na imekifanyia nini.

Sasa kijana wako. Mimi simzuii, ila mwambie asiishie kumuuliza ajenti mshahara. Aulize kampuni inamlipia kozi ya usalama ya BOSIET, ile wanayogeuzwa na kibanda cha helikopta ndani ya bwawa wajifunze kutoka, mana kampuni nyingi za maana hazikupandishi bila cheti chake au cha aina hiyo. Ajenti akisema cheti kitatengenezwa hapa hapa kwa laki mbili bila mtoto kulowa maji, mama, kaa na mwanao. Na akifika, shifti ikibadilika asikubali kukabidhiwa kazi kwa karatasi tu, amtafute aliyemtangulia waongee, hata kama jamaa anawahi chakula.

Mimi welda wa Gerezani. Nasikia huko ukitaka kuchomelea kitu kidogo unajaza mafomu kibao. Si kupotezeana muda? Cheche moja itafanya nini?

Kaka, cheche yako ni sehemu ndogo ya tatizo, pale kila kitu ni cheche. Jenereta, waya uliochubuka, bomba la moshi la injini, hata umeme tuli. Ndo maana wanapima gesi kwanza na mtu anasimama pembeni yako na mtungi wa kuzimia, kwa sababu wewe angalau unaweza kuzuiwa, injini huizuii.

Chukua rigi ya Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, 20 Aprili 2010. Walikuwa wanamalizia kisima cha Macondo, wakapima kama saruji ya kuziba kisima kule chini imeshika. Bomba la kuchimbia likasoma presha psi 1,400 wakati ilitakiwa sifuri, bomba lingine dogo likasoma sifuri, wakabishana, mwisho wakaiamini ile sifuri na ile 1,400 wakaitafutia maelezo. Usiku gesi ikapanda mpaka juu, injini zikaivuta pamoja na hewa zikaanza kuzunguka kama zimepagawa, ikalipuka. Hakuna welda hapo. Fundi mmoja alitoa ushahidi kwamba alamu kuu ilikuwa imewekwa isijilie yenyewe, watu wasiamshwe usiku kwa alamu za uongo. Wakafa 11, wakatoka 115, rigi ikazama baada ya siku 2 na mafuta yakamwagika siku 87. Jaza fomu.

Mie niko kwenye boti Kigamboni. Meli inaweza kusababisha moto kwenye mtambo? (Baharia)

Inaweza, na ilishatokea. Mumbai High, India, 27 Julai 2005. Mpishi wa meli ya huduma Samudra Suraksha alijikata vidole, bahari imechafuka, helikopta haziruki, wakaamua wamvushe mtambo wa jirani wampandishe kwa kreni. Meli ikasukumwa na mawimbi ikagonga mabomba ya gesi yanayopanda kutoka chini ya bahari, ambayo hayakuwa na kinga ya maana. Ndani ya saa 2 mtambo haupo. Wakafa 22, wakaokolewa 362. Kwa hiyo ukikaribia mtambo kaa upande ambao upepo unakusukuma mbali nao, hilo wewe baharia unalijua kuliko mimi.

Na sisi huku je, Songo Songo tupo salama? (Msomaji wa Ubungo)

Gesi ya Songo Songo inakuja mpaka huko kwako Ubungo tangu 2004. Visima vingine viko kisiwani, vingine majini, ila mtambo wa kusafishia gesi uko nchi kavu, sio mji wa chuma wenye watu 200 wamelala juu ya gesi kama Piper Alpha. Ile gesi ya bahari ya kina kirefu iliyoanza kugunduliwa 2010 bado haijaanza kuchimbwa, ikianza ndo tutakuwa na cha kuulizana, na wa kuwauliza ni PURA, mamlaka ya serikali inayosimamia uchimbaji wa mafuta na gesi.

Ni kweli huruhusiwi kuwa na simu? (Kijana wa Mabibo)

Simu ya kawaida inabaki chumbani, nje kwenye mitambo unapewa redio maalum isiyotoa cheche. Kiberiti na laita unaviacha uwanja wa helikopta, na sigara inavutwa kwenye chumba chake tu, laita imefungwa ukutani.