Ukiitazama Privilege, usimwangalie staa peke yake

Mara ya kwanza kuiona filamu ya Privilege sikuimaliza. Rafiki yangu aliyekuwa anasoma Uingereza alirudi na DVD yake, na mimi wakati huo nilikuwa kwenye timu ya msanii chipukizi hapa Dar. Nikaona mwimbaji aliyekauka, mwanamitindo anayetamka maneno yake bila kupandisha wala kushusha sauti, na msimulizi anayenieleza jambo ninaloliona mwenyewe. Nikazima. Niliirudia miaka kadhaa baadaye, kazi ile nimeshaiacha, na safari hii nilikaa mpaka mwisho nikiwa nimeshika kichwa. Naandika haya kwa wadogo zangu mnaotaka kutoka kimuziki, na zaidi kwa nyie mnaotafuta ajira kwenye timu ya msanii.

Filamu ni ya 1967, mwongozaji ni Mwingereza Peter Watkins. Kabla yake alitengeneza The War Game, kuhusu bomu la nyuklia kuipiga Uingereza, na BBC ikakataa kuirusha kwenye televisheni. Ilikuja kupata Oscar, lakini kile kitendo cha kuzuiwa kilimuuma, na uchungu huo umeingia wote kwenye Privilege. Inasimulia Uingereza ya miaka michache mbele. Vyama vikubwa vimeungana kuwa serikali moja, na serikali hiyo inataka vijana wasiingie barabarani wala kwenye siasa. Dawa yao ni Steven Shorter, mwimbaji anayependwa kuliko mtu yeyote nchini. Kwenye shoo anafungiwa ndani ya kizimba, mikono ina pingu, polisi wanampiga virungu jukwaani, naye anaimba akiomba afunguliwe. Wasichana wanalia na kupiga kelele. Shoo ikiisha hasira imewatoka, wanarudi nyumbani wametulia.

Kisha wakubwa wanabadili mpango. Steven sasa atubu hadharani, awapeleke vijana kanisani na kwenye bendera. Uwanja unajazwa watu, maaskofu wapo, bendi inapiga nyimbo za dini kwa magitaa, umati unaambiwa uitikie kwa sauti moja kwamba utatii. Hapo Watkins anarefusha mno. Misalaba inayowaka, mavazi meusi, mikono inayonyooshwa mbele: tumeshaelewa anamaanisha akina Hitler, ila bado anaendelea kutuonyesha. Kampuni ya Rank, iliyokuwa na majumba mengi ya sinema kule, ilikataa kuionyesha.

Kasoro zake sitazificha. Jean Shrimpton, anayecheza Vanessa, mchoraji aliyepewa kazi ya kuchora picha ya Steven, alikuwa mwanamitindo maarufu sana duniani lakini uigizaji haukuwa kazi yake, na inaonekana. Steven ni Paul Jones, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Manfred Mann, naye ilikuwa mara yake ya kwanza kubeba filamu. Ni mgumu, anatazama chini, sentensi zinamfia mdomoni. Nilipokuwa kijana nilihesabu hilo kama uigizaji mbovu tu. Sasa nakushauri ufanye nilichofanya mara ya pili: macho yako yaondoe kwake. Waangalie waliokaa naye mezani. Yupo wa kumsemea kwa waandishi wa habari, yupo wa muziki, yupo mwenye benki. Wanajadili afanye nini wiki ijayo, avae nini, amwombe Mungu vipi, na yeye amekaa pale pale katikati yao. Hakuna anayemuuliza. Kuna tangazo la matufaha linapigwa kwa sababu nchi imevuna mengi kupita kiasi, na Steven inabidi awashawishi watu wale sita kwa siku. Watu wamevaa kama matufaha, wakubwa wote wako makini kabisa, na sura ya yule kijana haina mtu ndani.

Ile sura niliijua. Nilishakaa mezani na mtu mwenye sura hiyo.

Kazi yangu kwenye timu ilikuwa kurasa zake za mitandaoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametokea mkoani, sauti yake ikikuingia haikutoki. Simu yenye akaunti zake ilikaa kwangu, paswedi tulizijua mimi na meneja. Nilimwandikia mapenzi ambayo hakuwa nayo na bifu na mtu ambaye hakuwahi kugombana naye. Kiki, tuliita, yaani kumtengenezea gumzo ili atajwe. Wiki moja kabla ya wimbo mpya kutoka, bibi yake aliyemlea akafariki. Meneja akanipigia: weka picha ya bibi, andika kitu kizito, mwishoni utaje tarehe ya wimbo. Niliandika. Niliandika vizuri, na watu wengi walilia. Yule kijana alikuwa kwenye basi anawahi mazishi, akauona msiba wake kwenye simu ya abiria wa pembeni, umeandikwa kwa mdomo wake na mtu mwingine. Hakunigombeza. Alinitumia ujumbe mmoja: "Kaka, bibi sikuwa namwita hivyo."

Mdogo wangu unayeimba, akaunti zako ziwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, hata kama mwingine ndiye anayeandika. Mkataba usisomewe na mwanasheria uliyeletewa na meneja. Tafuta wako, hata kwa kukopa hela. Nyimbo kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako mapema, maana mrahaba, ile pesa ya wimbo kutumika, unamfuata mwenye karatasi. Na uwe na mtu mmoja asiyekula kupitia kwako. Sio chawa, sio mchumba aliyekupata ukiwa juu. Shangazi, rafiki wa shule, fundi cherehani wa mtaani kwenu, yeyote ambaye ukimwambia "nimechoka" hatahesabu hasara. Steven hana mtu huyo mpaka Vanessa anapokuja, na anachelewa. Siku anayosimama kwenye sherehe ya kutunukiwa na kusema yeye ni mtu, umati uliompenda unamgeuka palepale. Anafutwa. Kinachobaki ni kipande cha picha zake za zamani, tena kimeondolewa sauti.

Na wewe unayeajiriwa kwenye timu: kabla hujaandika neno lolote kwa jina lake, muulize mwenyewe, meneja akiwa hayupo chumbani. Dakika mbili zinatosha. Mimi sikuwahi kuzitumia hizo dakika mbili, kwa miaka mitatu.

Mwaka jana nilimpata. Anaimba kwenye harusi, ana watoto wawili, sauti iko vilevile. Nilimwomba msamaha, akaupokea, tukala. Nikampa ile filamu. Wiki iliyofuata akanipigia usiku, nikajua atazungumzia kile kizimba. Hakukitaja.

"Kaka," akasema, "yule dada aliyekuwa anamchora, na yeye si alikuwa kazini?"