Ridhaa ilikuwa ya wachezaji tu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kuwalipa wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani kumeua michezo ya ridhaa. Mimi sioni kilichokufa. Harvard na Yale waliposhindana makasia mwaka 1852 katika ziwa Winnipesaukee, mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo nchini humo, gharama zilibebwa na kampuni ya reli iliyokuwa ikisaka abiria. NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, hakikuwepo hadi 1906. Biashara ilitangulia kanuni.

Wanaosifu enzi za zamani huwa nawatajia Ray Dennison. Mwaka 1955 alikuwa akichezea futiboli ya Kimarekani chuo cha Fort Lewis, Colorado, akaumia kichwa uwanjani, akafariki. Mjane wake akadai fidia, ile wanayolipwa jamaa za wafanyakazi wanaofia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima: chuo hakifanyi biashara ya mpira, basi marehemu hakuwa mwajiriwa wake pale uwanjani. Na hapo ilikuwa mwaka mmoja tu tangu NCAA iruhusu vyuo kumsomesha kijana kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Kama huo si ujira, basi ni sadaka?

Baadaye televisheni ikamwaga mabilioni. Makocha wakaneemeka, hata katika majimbo mengi hakuna mtumishi wa umma anayewafikia kwa mshahara. Wachezaji je? Mwishoni mwa 2010 vijana watano wa chuo cha Ohio State walifungiwa mechi tano kwa kuuza pete na jezi zao wenyewe na kupunguziwa bei ya tatuu. Tatuu, jamani!

Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliibwaga NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi kuhusu mipaka iliyowawekea wachezaji kunufaika, na mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa.

Uchungu wangu uko kwa vijana wetu. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania naye alizoa mataji akiwa chuoni El Paso, Texas. Anayefuata nyayo zao leo ana viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inambana kufanya kazi nje ya chuo. Tangazo ambalo mwenzake wa timu analisaini bila wasiwasi, yeye linaweza kumrudisha nyumbani.