Jibu: Kuifanya -110 isomeke kama jina kwenye logi ya kerneli

Habari za jioni, ndugu. Umeeleza kwamba draiva ya kihisi chako cha maji huko Nakuru huandika -110 (namba ya kosa la muda kuisha) kwenye logi ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na kwamba ulipojaribu %pe (alama ya kuchapisha jina la kosa) ulipata tarakimu zisizoeleweka badala ya jina la kosa.

Kagua kwanza unachokipitisha. %pe hutarajia pointa (anwani ya kumbukumbu), si namba kamili, kwa hiyo ret, yaani namba iliyorudishwa, huvikwa ERR_PTR ili iwe pointa, hivi:

dev_err(dev, "kusoma kumeshindwa: %pe\n", ERR_PTR(ret));

Kisha hakikisha kwamba ret ni hasi, kwa maana ukipitisha 110 bila alama ya kutoa, kerneli haitaitambua kuwa kosa bali itachapisha anwani iliyofichwa, jambo ambalo liliwahi kunipotezea jioni mbili nzima hapa Kisumu. Ikiwa ulichorudishiwa ni pointa yenye kosa tayari, ipitishe ilivyo; PTR_ERR, inayogeuza pointa kuwa namba, haihitajiki.

Ukiona -110 ileile badala ya -ETIMEDOUT, basi kerneli imejengwa bila CONFIG_SYMBOLIC_ERRNAME, chaguo la kuweka majina ya makosa ndani yake. Toleo lako hukulitaja, nami siwezi kulikisia: %pe ilianza katika toleo la 5.5, na kerneli za kabla ya hapo haziijui.

Ndani ya probe (sehemu ya draiva inayoanzisha kifaa) mimi hutumia dev_err_probe(), ambayo huandika jina la kosa yenyewe na haipigi kelele kwa -EPROBE_DEFER (ishara ya kujaribu tena baadaye). Ikikataa bado, weka hapa mstari wako wa dev_err pamoja na matokeo ya uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli.