Kocha Kasema: Maswali Yenu Kuhusu Watoto, Mechi na Ibada

Safari hii nimechagua barua za wazazi wenye watoto wanamichezo. Zimezidi, na karibu zote zina maneno yaleyale mawili ndani yake: "kocha amesema". Haya, tuone.

Je, ni dhambi mtoto kucheza mechi Jumapili?

Limekuja tena, na kama kawaida kwa mstari mmoja, bila umri wa mtoto, bila saa ya ibada yenu, bila kusema ni Jumapili ngapi. Wakristo hawajawahi kuwa na kauli moja juu ya siku. Wapo wanaoshika Jumamosi, wapo wasiogusa hata mpira Jumapili, na Warumi 14:5 inataka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Fainali moja ya jioni haijawahi kumpokonya mtu imani. Msimu mzima bila kukanyaga kanisani ni habari nyingine, na aliyefikia hapo huwa hana haja ya kuniuliza. Ukiandika tena, taja idadi.

Mwanangu wa miaka 13 nilimsimulia habari za Eric Liddell, aliyekataa kukimbia Jumapili na Mungu akampa dhahabu. Sasa amegoma kucheza nusu fainali ya Jumapili. Nimhakikishie kuwa Mungu atamlipa?

Usimhakikishie. Hiyo ndiyo hasara ya kusimulia nusu ya habari. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924 Liddell aliacha mita 100 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Lakini alijua miezi kadhaa kabla, akajinoa kwa mita 400, akazishinda kwa sekunde 47.6. Mahubiri mengi huishia hapo. Hayafiki 1945, alipofia kambini China akiwa mateka wa vita, mmisionari, bila medali ya kumtoa.

Halafu kuna Michael Jones, mchezaji wa raga wa New Zealand. Naye hakucheza Jumapili. Msimamo huo ulimnyima nusu fainali ya Kombe la Dunia 1991, na 1995 hakuchukuliwa kabisa kikosini kwa sababu ya ratiba ya Jumapili. Kwa hayo mawili hakufidiwa kombe. Na kuna Mwingereza Jonathan Edwards wa miruko mitatu, aliyesusia mashindano ya dunia ya 1991 kwa ajili ya Jumapili, akabadili msimamo 1993, akaweka rekodi ya mita 18.29 mwaka 1995, na miaka mingi baadaye akaiacha imani yenyewe. Mtu akitaka kuthibitisha lolote kwa wanamichezo hawa, atapata wa kumtaja.

Ninachokiangalia mimi ni kwamba Liddell alikuwa na miaka 22 na uamuzi ulikuwa wake. Kama mwanao amegoma kwa dhamiri yake, nenda naye kwa kocha leo, si usiku wa kuamkia mechi, kwa sababu wenzake nao wana haki ya kujipanga. Kama amegoma ili akupendeze wewe, mwambie ana ruhusa ya kucheza, kisha nyamaza uone atachagua nini.

Je, inafaa kuandika Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", kwenye viatu vya mpira?

Asome kwanza mstari wa 12, ule wa kushiba na kuona njaa. Akiona bado anautaka hata siku ya kufungwa sita, aandike.

Binti yetu ana miaka 11 na anaogelea siku sita kwa wiki. Kocha amesema akikosa wiki moja atapoteza nafasi. Wadogo zake wawili wanakula cha jioni garini, na ibada ya nyumbani imekufa. Tupange vipi muda wetu?

Muda mmeshaupanga, tena vizuri sana. Mmempa kocha.

Simlaumu. Kocha ana timu ya kujenga na hakuna aliyemwajiri kutunza nyumba yenu. Kazi hiyo ina watu wawili, nao ndio wameniandikia kuniuliza kana kwamba ratiba ilishuka Sinai. Mtu akishaniambia "hatuna la kufanya, kocha amesema", najua swali la imani limekwisha kujibiwa kabla barua haijatumwa.

Hata tukiliweka kando neno la Mungu, mwili wa mtoto una hoja zake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri mtoto apate angalau siku moja hadi mbili za kupumzika kila wiki, aachane na mchezo wake kwa jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka, na kwa michezo mingi asijifunge kwenye mmoja tu kabla ya miaka 15 au 16. Mifupa inayokua ina sehemu laini zinazoumia kwa kurudia mwendo uleule maelfu ya mara, na waogeleaji wanayajua mabega yao. Anayekwenda siku sita akiwa na miaka 11 yuko hatarini kuchoka, aukinai mchezo, kabla hajafika umri ambao mbio zenyewe zinaanza. Kwa hiyo hata aliye na hamu ya medali tu, asiyejali ibada, ana sababu ya kupunguza.

Na wale wadogo wawili hamkuwauliza. Nawafahamu, wako kwenye kila jukwaa: daftari la hesabu juu ya goti, penseli imeanguka chini ya viti, mgongo wameupa bwawa kwa sababu dada yao wameshamwona akiogelea vya kutosha. Wanajifunza kila jioni ni nani katika nyumba hii anastahili kutazamwa.

Chagueni jioni mbili ambazo hakuna anayekwenda popote, na msitume ombi kwa kocha. Mpeni taarifa. Atanung'unika. Makocha wengi hunung'unika kisha wanaendelea, kwa sababu ada inatoka kwenu. Akimtoa timu mtoto wa miaka 11 kwa kosa la kula na familia yake, mtakuwa mmeokoa ada ya mwaka mzima.

Tunaruhusiwa kuomba timu yetu ishinde?

Ombeni. Na mama wa golikipa wa upande wa pili naye anaomba hivyohivyo.

Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mpole, lakini akifika uwanjani anamfokea refa na mtoto mpaka naona aibu. Nimwambieje?

Mwonyeshe Wakolosai 3:21: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Akisema aya hiyo haihusu mpira, mwombe amwangalie mtoto baada ya kukosa pasi. Mtoto anayetazama mpira ulikokwenda yuko salama. Anayegeuka kwanza kumtafuta baba jukwaani hachezi tena.

Kelele za uwanjani angalau zina mwisho. Mimi naogopa zaidi safari ya kurudi nyumbani, mtoto akiwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma na baba anarejea makosa yote tangu kipindi cha kwanza. Huko hakuna refa wa kupuliza filimbi. Mpe mzee sharti moja: ndani ya gari mechi haizungumzwi mpaka mtoto ailete mwenyewe.

Mtoto wetu ana miaka 14. Wakala mmoja anasema amempatia klabu nchi nyingine, tulipe gharama za majaribio. Tumefunga na kuomba. Huu si mlango wa Mungu?

Fungeni huo mlango. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Wakala wa kweli anaijua kanuni hii kuliko mimi. Mtu anayedai fedha mapema, anayewataka mharakishe na anayewataja Mungu na klabu kubwa katika sentensi moja, msimpe hata nakala ya pasipoti. Msiniandikie tena mkiwa mmeshalipa, maana barua za namna hiyo ninazo tayari na sina la kuzijibu.

Binti yetu wa miaka 12 anataka kuacha jimnastiki. Tumetumia fedha nyingi. Tukimruhusu, si tunamfundisha kukata tamaa?

Fedha zimeshaondoka, akibaki au akiacha. Ziondoeni kwenye hesabu, kisha muulizeni kwa nini, mkiwa mmekaa, simu zikiwa mbali. Kama amechoka tu, amalize msimu, aage wenzake vizuri.

Lakini mtoto aliyekuwa anapenda kitu kisha akakichukia ghafla, msikilizeni mara mbili. Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, alihukumiwa 2018 baada ya kuwadhulumu wasichana kingono kwa miaka mingi, wengine mzazi akiwa ndani ya chumba hichohicho. Alikuwa mtu wa kuaminiwa na kila mtu. Kocha anayemwandikia mtoto ujumbe wa siri, anayetaka mazoezi ya wawili peke yao au anayemkataza mtoto kusimulia nyumbani, ondoeni mtoto siku hiyohiyo na mkatoe taarifa. Akiwa ni kocha mlokole, fanyeni vivyo hivyo.

Mimi ni mchungaji. Vijana wangu wamepungua kwa sababu ya mechi. Nihubiri mfululizo wa mahubiri dhidi ya michezo?

Baba Mchungaji, kwa heshima zote, hapana. Kanisa ndilo lililoileta nusu ya michezo hii. Aston Villa ilianzishwa 1874 na vijana wa kanisa la Wesley. Everton ilianza 1878 kama timu ya kanisa la Mtakatifu Domingo. Mpira wa kikapu James Naismith aliubuni 1891 kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Hata Paulo alipowaandikia Wakorintho aliona heri kuwaambia habari za mbio na tuzo kuliko kuwakemea kwa kwenda uwanjani.

Nakuuliza wewe: umewahi kwenda kumtazama hata mmoja wao akicheza? Nenda, simama nyuma ya goli bila Biblia mkononi, jua anavaa namba gani. Kisha weka ibada ya Jumamosi jioni kwa walioshikwa na ratiba. Watakaoacha kuja hata hapo, mzungumze na wazazi wao. Wao ndio wanaoendesha gari.

Mechi inaanza nusu saa baada ya ibada. Mtoto anaweza kuingia kanisani na jezi?

Aingie. Njumu aziache mlangoni.