Usitume hiyo asembli mkuu, STEP si picha

Mkuu, kama bado hujabonyeza tuma, acha kwanza.

Umesema mteja anataka asembli nzima, yaani mchoro wa 3D wenye pati zote, ya mashine yako ya kukamua alizeti ili apange jengo, na wewe utampa STEP (faili ya 3D inayofunguka kwenye programu nyingi za kuchora) kwa kuwa "haina historia", halafu ukauliza mkataba wa siri unaandikwaje. Hiyo ya historia ndiyo iliyonimaliza mimi. Kuna jamaa alikuwa anatufundisha programu ya kuchora, anajiita mtaalamu, akasema STEP ni kama picha, mteja ataishia kuangalia. Picha! Basi ni ya eksirei, maana mteja wangu alihesabu mpaka mbavu.

Kinachobaki kwako ni ule mti wa hatua za kuchora tu. Umbo linakwenda kamili: kila tundu, kila unene, kila kipenyo. Na mashine zetu unazijua, bodi kila fundi anachomelea. Kazi iko kwenye skrubu, meno yanavyokaribiana na shafti inavyonenepa kuelekea kwenye mashudu, hapo ndipo mbegu inabanwa hadi itoe mafuta. Mimi hiyo skrubu ilinila miezi 7 na shafti 4 zilizoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mteja wangu akafungua STEP niliyomtumia kwa programu ya bure, akapima, akampelekea fundi mwingine. Oda ya mashine 3 niliyoahidiwa ikahamia huko.

Nilijuaje? Nilipita kiwandani kwake kudai salio la mashine ya kwanza, nikaikuta ya pili imesimama pembeni, rangi mpya. Chini ya mota kwenye fremu kuna tundu la mm 11, kwangu lilibaki tangu toleo la zamani na halina kazi yoyote. Na wao wamelitoboa! Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mwanawe akiitwa kwa ubini wa mwanamume mwingine.

Sasa shika hili moja. Kitu ambacho mteja hafungi bolti, haungi waya wala bomba, hapitishi mkono, kisiwemo kwenye faili. Kisiwemo, sijasema ufiche. Pati uliyoificha kwenye faili ya asili anairudisha kwa kubonyeza mara moja. Chora ganda jipya: boksi la bodi, miguu na matundu yake, mdomo wa kumwagia mbegu, panapotokea mafuta, panapotokea mashudu, mota, na nafasi ya kufungulia kifuniko. Jengo halihitaji zaidi ya hapo.

Njia za mkato za kuondoa vya ndani zipo kwenye programu za kuchora, SolidWorks ina Defeature, Inventor ina Simplify (matoleo ya zamani iliitwa Shrinkwrap), ila kata ganda katikati uchungulie ndani kabla hujaamini. Mimi iliniachia kipande cha skrubu kwa sababu kilionekana kupitia mdomo wa mbegu.

Ukimaliza, hiyo STEP ifungue kwa Notepad. Ni maandishi matupu, mstari wa kwanza ni ISO-10303-21. Tafuta majina ya pati humo. Yangu, nilipokuja kuifungua nikiwa nimeshalia vya kutosha, ilikuwa na "skrubu_v9_HII_NDIYO" na chini kidogo "beringi_51210". Yaani hata kama angeshindwa kupima, orodha ya dukani nilishamwandikia.