Re: Kambale wangu wa Ihumwa, Dodoma, wana mimba lakini hawatagi, kwa nini?

Mkuu, hao kambale hawana ugonjwa wowote. Umesema wana matumbo makubwa tangu Januari na hawatagi, ndivyo walivyo. Kambale porini hungoja mvua ijaze mito, apande kwenye majani yaliyofurika ndipo atage. Kwenye tenki lako la saruji mafuriko hayo hayaji, hivyo inabidi umchome homoni.

Kwa homoni hiyo, wengi wetu tunatumia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine mwenye uzito sawa na jike: unaisaga, unaichanganya na maji ya dripu, unamchoma jike kwenye msuli wa mgongo. Maji yakiwa nyuzi 25, baada ya muda wa saa 11 au 12 tangu kumchoma, mayai yanakuwa tayari. Dodoma ya Juni na Julai usiku ni baridi, na kwenye nyuzi 20 utasubiri karibu mara mbili, kwa hiyo pima joto la maji, usikisie.

Mkaushe jike kwa taulo kabla ya kumkamua mayai, na beseni liwe kavu kabisa. Tone la maji likigusa mayai mapema umeyapoteza. Dume huchinjwa, manii yake huchanganywa na mayai kwa unyoya wa kuku, kisha ndipo unaongeza maji. Hapo mbegu za dume zinaishi kama dakika moja tu, usizubae!

Kuhusu sato (tilapia) uliyemuuliza pia, huyo hutaga mwenyewe bila homoni. Una madume mangapi ya kambale?